Siku Walipogeuza Madawati

Mwezi uliopita nilitoka katikati ya semina nikaenda kutapika nyuma ya jiko la shule. Mwenzangu alinifuata na chupa ya maji, akanipapasa mgongo na kuniambia kwa sauti ya chini, "Hongera, mwalimu." Alidhani ni mimba. Haikuwa mimba. Ilikuwa harufu ya rangi.

Tulikuwa tumekusanywa Bariadi mjini, walimu wa shule za msingi, kufundishwa mtaala mpya. Darasa tulimokaa lilipakwa rangi jana yake kwa ajili ya wageni waliokuwa wanakuja kutuangalia tukifundishwa. Chini bluu ya mafuta, juu nyeupe, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Mwezeshaji akasimama, akafungua mikono kama mchungaji wa kanisa, akasema, "Ndugu walimu, haya ni mageuzi." Hapo ndipo nilipotoka.

Nimefundisha miaka mingi na neno hilo nimelisikia hadi masikio yameota sugu. Lakini likija pamoja na harufu ya rangi mbichi, mimi si mwalimu tena. Ninakuwa mtoto wa darasa la tatu, katika kijiji cha pamba upande wa Itilima, na namtafuta dada yangu Minza kwa macho.

Minza alikuwa binti wa kaka yake baba, kwa hiyo kwetu ni dada, hakuna kusema binamu. Alilelewa Kimali kwa babu yetu, ambaye sote tulimwita guku, akichunga ng'ombe tangu alipoweza kushika fimbo. Alipoletwa kwetu ili asome alikuwa ameshakuwa mkubwa, mrefu kuliko wote darasani, miguu yake haiingii chini ya dawati. Mwalimu alimweka nyuma kabisa ili asituzibe ubao. Kiswahili kilimpa shida. Nyumbani tuliongea Kisukuma tu, na Kimali hakuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili isipokuwa wachuuzi wa ng'ombe, kwa hiyo alijua maneno ya mnadani na hakujua "kifutio." Watoto walimcheka. Hakujali. Mchana wakati wa mapumziko alinigawia michembe aliyobeba kwenye pindo la sketi, viazi vilivyokauka na kuwa vigumu kama ukucha, na tukavitafuna huku akinieleza ng'ombe wa guku mmoja mmoja, nani mkaidi, nani anajua njia ya kurudi zizini mwenyewe.

Kusoma kulimkataa kwa muda mrefu. Herufi zilimgeukia. Ila tulikuwa na mwalimu mmoja kijana, Mwalimu Tabitha, ndiyo kwanza ameajiriwa, sauti yake bado ina woga. Alianza kumbakiza Minza darasani wakati wa mapumziko, wao wawili tu na kipande cha chaki. Sikujua wanafanya nini. Hadi siku moja tunafua nguo kisimani, Minza akainua karatasi ya sabuni ya mche, akaitazama muda mrefu na midomo inacheza, akasema, "Sa-bu-ni. Ya. Ku-fu-li-a." Akanitazama kwa hofu, kama mtu aliyesikia sauti nyuma yake. "Kabula, ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

Alicheka sana. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Siku chache baadaye mwalimu mkuu alisimama mstarini asubuhi akatutangazia kwamba mageuzi ya elimu yanakuja shuleni kwetu, kutoka Amerika. Kulikuwa na mradi, na mradi umetuchagua, na darasa la tatu litakuwa darasa la mfano. Tulipiga makofi. Tulipoingia darasani Mwalimu Tabitha akatuamuru tunyanyue madawati na kuyageuza, yatazamane manne manne. Basi mimi nikaelewa. Mageuzi ni kugeuza. Niliona ni jambo la akili kabisa na nikashangaa kwa nini lilihitaji kutoka mbali kiasi hicho. Jioni nikamweleza mama, mayu kwa Kisukuma chetu.

"Sasa mkishageuka," mayu akaniuliza, akisonga ugali, "mwalimu mnamwonaje?"

"Tunageuza shingo."

Akafikiri. "Wazungu," akasema, akaendelea kusonga.

Kisha ikaja rangi. Ilipakwa darasa letu tu, na upande wa nje ule tu unaotazama barabara. Yakaja makaratasi ya manila yenye picha za matunda ambayo hatujawahi kuyala, vizibo vya soda vya kuhesabia vilivyofungwa kwenye mifuko mizuri, mipira, vitabu vyenye harufu tamu. Vyote vilikaa kabatini na kufuli. Tulivitoa wakati wa mazoezi tu, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu. Nasema mazoezi kwa sababu ndivyo tulivyoita wenyewe. Kila siku tulirudia somo lilelile. Mwalimu Tabitha anauliza swali lilelile, tunajadiliana kwenye vikundi kwa kelele iliyopimwa, kisha wote tunanyoosha mikono. Mwalimu mkuu ndiye aliyetufundisha mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na wote wanyooshe kwa furaha. "Mgeni haoni kulia wala kushoto," alisema. "Mgeni anaona mikono." Hata sasa nikiona darasa zima limenyoosha mikono huwa naangalia ni mkono gani.

Wiki ya mwisho akaja na kitabu na fimbo, akatusimamisha mmoja mmoja tusome. Waliosoma walibaki kwenye madawati. Walioshindwa waliambiwa wasimame ukutani, na rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri, kwa hiyo walichafuka mabegani, bluu. Minza alipofikiwa alianza vizuri. Alisoma neno la kwanza, la pili. Kwenye la tatu akasimama, midomo inacheza vilevile kama kule kisimani.

"Anaweza, mwalimu," Tabitha akasema. "Mpe nafasi kidogo. Anachelewa tu."

"Wageni hawatakuwa na nafasi," akajibu mwalimu mkuu. "Ukutani."

Waliosimama ukutani walikuwa kama nusu ya darasa. Mahali pao pakajazwa na watoto wafupi wafupi wa darasa la sita. Wale wa ukutani wakaambiwa kwamba siku ya wageni watakwenda mto mkavu kuchota mchanga wa kujengea choo, waje na ndoo, na wasirudi hadi gari la wageni liondoke. Na wasivae sare. Waje na nguo za nyumbani.

Kwa nini nguo za nyumbani? Nilimuuliza Minza njiani na yeye akanijibu bila shida, "Tusichafue." Nami niliamini, kwa kuwa sare yangu mama alikuwa ananifokea kila nikiichafua. Nikaona mwalimu mkuu amewafikiria.

Siku yenyewe walikuja watu wengi kwenye magari mawili, lakini mimi namkumbuka mmoja. Alikuwa mwanamke mzee, nywele nyeupe fupi, kandambili za ngozi, vidole vya miguu vimejaa vumbi letu. Alinukia dawa ya mbu. Nilitegemea mzungu atakaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha mezani cha mwalimu mkuu, yeye akakaa sakafuni katikati ya vikundi, na kuna kijana wa mradi aliyekuwa anamtafsiria. Somo likaenda kama tulivyofanya mazoezi. Mikono ikanyooka. Kisha yule mama akaomba kusema nasi.

Alisema alipokuwa mtoto kama sisi, huko kwao, madawati yalifungwa sakafuni kwa skrubu, hayageuki. Tulicheka kwa sababu tulijua sasa anaongea habari za mageuzi. Akasema waliokuwa shuleni kwao wote walikuwa weupe. Watoto weusi wa mji ule ule walisoma kwingine, kwenye shule mbovu, na siku moja alimwuliza mama yake wale watoto wengine wako wapi, na mama yake akamwambia ale chakula chake. Baadaye sheria ilibadilishwa wakasoma pamoja, na hata hivyo haikuisha, kwa sababu kila mara watu walipata njia mpya ya kuwaficha baadhi ya watoto. Ndiyo maana, akasema, kila shule anayotembelea huwa anauliza swali moja.

Kijana wa mradi akatafsiri: "Anauliza, leo nani hayupo?"

Nilisikia nzi kwenye dirisha. Mwalimu mkuu akasimama, akavuta koti, akasema, "Wote wapo. Mahudhurio yetu ni kamili." Na sisi tukapiga makofi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kufanya akimaliza kusema.

Makofi hayajaisha, mlango ukaingia giza. Minza alikuwa amesimama pale, na mgongoni amembeba mtoto mdogo wa darasa letu, Jilala, aliyekuwa amekanyaga kipande cha chupa kule mtoni. Damu ilikuwa inatiririka kwenye gauni la Minza, gauni la nyumbani lililopauka, na miguu yake ilikuwa imefunikwa mchanga hadi magotini. Alikuwa amekimbia. Alimtazama Mwalimu Tabitha, kwa sababu sanduku la dawa lilikuwa kwenye lile kabati.

"Mwalimu, amekatika," akasema.

Yule mama mzee akanyanyuka upesi kuliko nilivyodhani anaweza. Akachukua chupa yake ya maji, akamshusha Jilala, akaanza kumwosha mguu, akavua kitambaa chake cha shingoni akamfunga. Huku akiuliza kitu. Kijana wa mradi akamgeukia mwalimu mkuu: "Anauliza, hawa ni akina nani?"

"Hawa si wa kwetu," mwalimu mkuu akasema. Aliongea polepole, vizuri, kama anasoma. "Ni watoto wa kijijini tu. Wachungaji."

Minza alidhani hajatambuliwa kwa sababu ya vumbi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alijifuta uso kwa kiganja, akanyoosha shingo, akasema kwa Kiswahili chake chote, "Mwalimu, ni mimi. Minza. Darasa la tatu."

Mwalimu mkuu akamtazama machoni. "Binti huyu simjui," akasema.

Nikasimama. Sijui nilipata wapi nguvu, sikuwa mtoto jasiri. "Ni dada yangu," nikasema. "Tunasoma naye. Anakaa pale nyuma." Nikaonyesha kwa kidole, lakini pale nyuma palikuwa pamegeuzwa, hapakuwa nyuma tena.

Kijana wa mradi akamwambia yule mama maneno machache ya Kiingereza. Yule mama akanitazama, akatabasamu. Tabasamu kubwa, la kweli. Akamgusa Minza shavuni kwa mkono wenye damu ya Jilala, akamwambia kitu kitamu, kisha akarudi kukaa sakafuni, na Minza na Jilala wakatolewa nje.

Kwa hiyo mimi nilijua hivi: nimemwambia mzungu ukweli, ameusikia, amecheka, amekaa. Nilimchukia kwa miaka mingi. Niliwachukia wote waliofanana naye. Mwalimu wangu wa Kiingereza wa sekondari aliniuliza kwa nini naisoma lugha ile kwa hasira namna ile, nami nikamwambia nataka siku moja niwatukane vizuri.

Gari lilipoondoka tuligeuza madawati yakarudi kama zamani, jioni ileile. Makaratasi yakabanduliwa, vizibo vikarudi kabatini na kufuli. Wa darasa la sita wakarudi la sita na soda mikononi. Mimi nikachapwa. Viboko sivikumbuki sana, nakumbuka pua yangu ilikuwa karibu na ukuta na rangi ilikuwa inanuka.

Asubuhi yake nilivaa sare, nikamkuta Minza amekaa kwenye kinu hajavaa yake.

"Tutachelewa," nikamwambia.

"Mimi si wa pale."

Baba alimsihi. Mayu alimwita "ng'wana wane," mwanangu, kwa sauti aliyokuwa anatutolea tukiugua tu. Baba akaenda hadi shuleni, akarudi kofia mkononi, akasema mwalimu mkuu amempokea vizuri na amesema binti aje tu, hakuna tatizo. Hakuna tatizo! Kama vile yeye ndiye aliyesamehe. Minza alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema, "Nimesikia kwa masikio yangu, baba." Pamba ilipokwisha kuvunwa alirudi Kimali. Guku alifurahi, alikuwa amekosa mchungaji.

Mwalimu mkuu alipandishwa cheo. Shule yetu ikapewa bango la darasa la mfano, limepigiliwa misumari pale pale kwenye upande uliopakwa rangi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma kidogo habari za shule za Amerika, nikitafuta yale niliyoyasikia sakafuni. Yule mama hakutudanganya. Walitenga watoto kwa rangi, wakakatazwa na mahakama, wakabuni njia nyingine. Wakageuza hesabu ikawa hesabu mpya, wakairudisha. Wakafungua madarasa yakawa hayana kuta, wakajenga kuta. Kisha wakaleta mitihani, na shule itakayofeli itafungwa, na hapo baadhi ya walimu wakaonekana wakifuta majibu ya watoto na kuandika ya kwao, na shule nyingine zikatafuta namna ya kuwaondoa wale wazito kabla ya siku ya mtihani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Sikujua kama nicheke. Kumbe hata kule wana mto mkavu wao wa kupeleka watoto.

Baada ya ile semina nilipanda gari hadi Lalago kumtafuta Mwalimu Tabitha. Amestaafu mapema, analima pamba. Nilimkuta anatandaza mahindi juani, akanitambua kabla sijasema jina. Tuliongea habari za watoto na mvua. Kisha nikamwuliza kwa nini yule mzungu alicheka.

Alichambua mahindi yasiyo na haja ya kuchambuliwa.

"Hakucheka," akasema. "Alifurahi. Yule kijana alimwambia kwamba wewe unaomba dada yako naye aanze shule, na mwalimu mkuu amekubali kumpokea mwakani. Ndiyo maana. Alimwambia Minza, karibu shuleni, mwanangu."

"Uliyasikia?"

"Nilikuwa naelewa Kiingereza kuliko wote mle ndani." Hakunitazama. "Nilikuwa na ajira ya mwaka wa kwanza, Kabula. Mama yangu alikuwa mgonjwa. Nilinyamaza."

Nilitaka kumhurumia na nilimhurumia. Nilitaka pia kuondoka pale haraka, na niliondoka.

Kesho yake nilikwenda Kimali. Minza ana mji wake, mume mpole, watoto wakubwa waliokwishaoa, na binti mmoja wa mwisho, Limi, yuko darasa la pili. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, tukaulizana wote mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Alikuwa anakamua. Nilikaa kwenye jiwe nikamweleza yote, tafsiri, ajira, karibu shuleni mwanangu. Nilikuwa nalia mimi. Nilidhani nimemletea kitu. Kwa miaka yote hiyo nilidhani kilichomvunja ni lile tabasamu, kwa sababu ndilo lililonivunja mimi.

Alimaliza chuchu aliyokuwa nayo.

"Sasa yule bibi alidanganywa," akasema. "Haya. Masikini." Akasogeza kibuyu. "Na mwalimu mkuu? Yeye aliongea Kiswahili. Nilikuwa nimeshakijua wakati ule. Yeye nani alimtafsiria?"

Ng'ombe alipiga mkia, Minza akamkemea.

"Lala hapa," akaniambia. "Kesho kuna wageni shuleni kwa Limi. Wamepaka rangi. Tutakwenda wote."

Asubuhi alivaa kitenge kizuri na viatu vya kanisani. Tulimsindikiza Limi hadi ndani, Minza akangoja akamwona amekaa kwenye dawati lake na sare yake. Kisha akatandika kanga pale mlangoni pa darasa, akaketi na miguu ameinyoosha, na mimi nikaketi pembeni yake nikiziba pua. Walimu walitupita mara kadhaa. Mwishowe mwalimu mkuu wa pale akaja, kijana nadhifu, funguo mkononi.

"Mama, shikamoo. Samahani, leo hatupokei wazazi. Tuna wageni."

"Marahaba," Minza akasema. "Najua mna wageni. Ndiyo maana nimekuja."